Aliyeyaondoa Majani

Miaka ile ya ruksa, magari ya Japani yalipoanza kuingia Sumbawanga moja moja, mtu akinunua gari alilitumikisha. Lilibeba mahindi, lilibeba maharage, lilibeba samaki kutoka Kipili, na siku ya msiba lilibeba maiti. Gari la kutembelea tu, watu walikuwa hawajalizoea. Ndiyo maana Jumapili ile, baada ya ibada, Andwele aliposema anampeleka mkewe msitu wa Mbizi kuangalia mandhari, jirani yao Redempta aliacha kupepeta ulezi.

"Mnakwenda kuchukua nini huko?"

"Hatuchukui kitu, Mama Zita. Tunakwenda kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Msitu. Milima. Ziwa Rukwa kule chini bondeni."

Redempta alicheka mpaka ungo ukamtetemeka mikononi. "Ninyi watu wa Mbeya mna kazi. Sisi miti tunaiangalia tukitafuta kuni."

Sekela, mke wa Andwele, naye alicheka, ila kicheko chake hakikufika mbali. Mawazo yake yalikuwa kwa mtoto. Ipyana alikuwa bado mchanga, hajaonja hata uji, maisha yake yote yalikuwa ziwa la mama yake. Siku mbili hizo alikuwa na kikohozi, na upepo wa Mbizi haumwonei huruma hata mtu mzima mwenye koti. Haikufaa kwenda naye. Kumwacha nako kulikuwa kugumu.

Alimnyonyesha mpaka akashiba, akasinzia na tone la maziwa mdomoni. Kisha akampa Redempta.

"Akiamka, mama?"

"Nitambeba. Nitamwimbia. Nimelea wangu, nimelea wa wenzangu." Redempta alimweka mtoto begani. "Ila maziwa mimi sina, mwanangu. Hayo umeondoka nayo. Kwa hiyo urudi kabla ya giza."

"Kabla ya giza nitakuwa nimefika."

Wakaondoka.

Pikapu ile Andwele aliipenda kama kitu kilichozaliwa kwake. Alikuwa na kibanda cha mitumba sokoni, na kabla ya hapo alizunguka na furushi kichwani kijiji kwa kijiji, kwa hiyo kila alipokanyaga mafuta alitabasamu peke yake. Milangoni kulikuwa bado na maandishi ya Kijapani.

"Haya, msomi," alimtania mkewe. "Tusomee na hayo basi."

"Hayo siyo maandishi. Mtu kamwaga njiti za kiberiti."

Andwele alicheka, akampiga kofi dogo la goti. Sekela alikuwa amejua kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha jioni kanisani, akiwa na mimba, dawati moja na wanawake wenye wajukuu. Tangu hapo hakuacha andishi limpite. Alisoma mifuko ya mbolea. Alisoma majina ya maduka. Na gari lilipoacha mashamba na kuanza kuinuka milimani, kwenye nyasi ndefu zinazolala upande mmoja kwa upepo, aliliona bango la bati na akalisoma lote bila kukwama.

"Msitu wa Hifadhi. Ni marufuku kukata miti, kuwasha moto na kuchunga mifugo."

"Mama Ipyana, wewe sasa ni wa kuajiriwa ofisini."

Alifurahi. Tusiseme uongo, alifurahi sana. Tangu wafunge ndoa hakuwahi kukaa karibu na mume wake namna ile, bila mzigo katikati, bila mteja wala mgeni. Msitu ulipowameza, hewa ikawa ya baridi na tamu kama maji ya mtungini. Miti mirefu ilivaa ndevu za kijani. Mbega waliruka juu yao, mikia myeupe ikipepea, na Andwele alizima injini ili wawasikilize. Kisha wakaenda mpaka mwisho wa msitu, pale nchi inapokatika ghafla, wakasimama ukingoni. Chini kabisa, bonde lilikuwa limetanda na ziwa linang'aa kama bati jipya.

"Unaona?" Andwele alisema polepole. "Mungu alikuwa na nafasi huku."

 Sekela alikuwa ameweka mkono kifuani. Maziwa yalikuwa yameanza kumjaa, na hiyo ndiyo saa yake, haikuwahi kumdanganya. Ipyana alikuwa ameamka.

"Baba Ipyana, turudi."

"Bado kidogo."

"Turudi. Mtoto ana njaa."

Wakageuza gari.

Ilikuwa kwenye kona moja kali, katikati ya msitu, wanapandisha mlima, ndipo harufu ya moto ikaingia ndani ya gari. Mvuke ukafuka kwenye boneti. Gari limechemsha. Andwele alishuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua boneti, akarudi nyuma hatua moja kwa lile joto.

"Rejeta imekauka. Nilipita kijito hapo chini. Nachukua dumu nakwenda."

Kabla ya kwenda alifanya kile ambacho kila dereva anakifanya. Gari likikuharibikia kwenye kona, unavunja matawi yenye majani mabichi, unayalaza barabarani, nyuma ya gari na mbele, ili anayekuja ajue kuna mwenzake amekwama. Likipona, unashuka, unayaondoa, ndipo unakwenda. Hiyo haikuandikwa popote, ila dereva asiyeifuata wenzake hawamsalimii.

Andwele alivunja matawi ya mti uliokuwa umeinamia kona. Mti ulitoa utomvu mweupe, mzito, ukamganda vidoleni.

"Bango limekataza," Sekela alisema akiwa dirishani.

"Bango halijawahi kugongwa na lori."

Tawi moja lilikuwa na maua meupe. Hilo alililaza nyuma, juu ya mengine. Kisha akachukua dumu, akateremka akipiga mluzi. Mluzi ukaenda, ukaenda...

Ukakatika.

Sekela alipandisha kioo. Ukungu ulikuwa unaingia barabarani kutoka pande zote mbili, bila haraka, kama watu wanaoingia msibani. Mbega waliokuwa wanaguruma kwenye miti walinyamaza. Hakunyamaza mmoja kisha mwingine. Walinyamaza wote pamoja.

Alijaribu kujisemesha mambo ya kawaida. Akifika atamnyonyesha kwanza, ndipo atabadilisha nguo. Atamwandalia Mama Zita chai...

Kra.

Kitu kilikanyaga tawi.

Kra... kra...

Nyuma ya gari. Taratibu. Kama mtu anayechagua mahali pa kukaa.

Harufu ikaja, ingawa vioo vilikuwa vimefungwa. Harufu ya majani yaliyovunjwa, na ndani yake harufu nyingine aliyoijua vizuri sana, kwa sababu ilikuwa kwenye gauni lake mwenyewe. Harufu ya maziwa ya mwanamke.

Hakutaka kuangalia kioo cha pembeni. Akaangalia.

Mwanamke alikuwa ameketi juu ya majani, katikati ya barabara, ameligeuzia gari mgongo. Alikuwa amenyoosha miguu mbele, yote miwili, kama wanavyokaa wanawake wakipakata. Mabega yake yalikuwa yanakwenda na kurudi. Anabembeleza. Mikononi mwake hamkuwa na kitu ambacho Sekela aliweza kukiona, ila alibembeleza, na kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, upande wa kushoto, kama kichwa cha Sekela kinavyoinama siku zote.

Maziwa ya Sekela yakaanza kumwagika yenyewe. Yakalowanisha gauni mpaka tumboni.

Alifumba macho. Hajui alikaa hivyo muda gani. Mlango wa dereva ulipofunguka alitaka kupiga kelele, sauti ikagoma.

"Una nini?" Alikuwa Andwele, ameloa magoti.

"Nyuma," alinong'ona. "Kuna mtu."

Andwele aliangalia nyuma. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Hakuna mtu. Ni ukungu."

Alimimina maji, akafunga boneti, akapiga stata. Injini ikakohoa, ikawaka. Akashika kitasa cha mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kuondoa majani."

Sekela alimkamata mkono wa shati. "Yaache."

"Siwezi kuyaacha. Mtu akija atafikiri bado tupo hapa."

"Baba Ipyana, nakuomba. Usiende kule nyuma. Mtoto hajanyonya tangu mchana, na giza hilo linakuja. Yaache twende."

Andwele aliguna. Aliangalia kile kioo, akaangalia gauni la mkewe lililolowa. Kisha akaviringisha stelingi, akazunguka matawi ya mbele, na wakaondoka.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuacha majani barabarani.

Walipita kona ya kwanza. Walipita ya pili. Ukungu ukapungua, Sekela akaanza kupumua. Kwenye kona iliyofuata, taa za gari ziliangaza majani.

Matawi mabichi, yamelazwa katikati ya njia.

Andwele alipunguza mwendo. "Kuna mwenzetu kakwama."

Walinyata mpaka wakapita kona. Hakukuwa na gari. Hakukuwa na lori. Barabara ilikuwa tupu mpaka inapopotea.

"Kaondoka kayaacha," Sekela alisema.

"Mjinga kama mimi."

Wakacheka kidogo, kicheko cha kusukumana. Wakaenda. Kona nyingine.

Majani.

Sasa hakuna aliyecheka. Andwele alipita juu yake, matairi yakayasaga, na ile harufu ikapanda ndani ya gari kupitia sakafuni. Sekela aliziba pua kwa kanga. Kona nyingine... Andwele alikanyaga breki kabla taa hazijafika, kama mtu aliyejua.

Majani. Na juu yake, tawi lenye maua meupe.

"Hilo nililiweka mimi," Andwele alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa mkono wangu huu."

"Kalizunguke. Usisimame."

"Mama Ipyana, tumezunguka mara ngapi?"

 Sekela aliweka mkono wake juu ya mkono wa mume wake kwenye gia, na wakalizunguka.

Ng'ambo ya kona walimwona mtu. Moyo wa Sekela uliruka, kisha ukatulia, maana mtu huyo alikuwa na baiskeli, na baiskeli ilikuwa imefungwa mbao ndefu, na mtu mwenyewe alikuwa anakohoa na kutukana kamba iliyolegea. Pepo hatukani kamba. Alijibanza pembeni kuwapisha, akijificha uso na mwanga wa taa.

"Bosi, kama wewe ni wa maliasili, hizi mbao ni za kitanda cha mama yangu."

"Mimi siyo maliasili," Andwele alisema. "Nauza mitumba."

"Ah. Basi ni mbao tu." Akasogea dirishani. Alikuwa mtu wa makamo, Mfipa, koti lake lina unga wa mbao. Akasema anaitwa Isdori, anapasua mbao huko ndani. Kisha akawaangalia vizuri. "Ninyi ndio mliokwama kule kwenye kona?"

"Umejuaje?"

"Nimepita pale sasa hivi. Majani yapo, gari hakuna. Na mama yenu aliyekaa pale nimemsalimia, hakuitika."

Andwele alitupa jicho kwenye kioo cha pembeni.

"Sisi tumetoka pale kitambo," Andwele alisema. "Tuko mbele yako."

"Mngekuwa mbele yangu mngenipita. Mimi nimetoka pale nikikokota baiskeli, na hakuna gari lililonipita." Isdori alilamba midomo. Sasa alinong'ona. "Hamkuyaondoa?"

"Hatukuyaondoa."

"Eh."

Aliangalia msitu, akaangalia mbao zake, kama mtu anayepima kama jambo hili ni lake au siyo lake.

"Mimi huku natafuta mbao, sitafuti majina ya vitu. Ila wazee wangu walipasua miti humu kabla yangu, na sisi hata tukilaza tawi moja njiani, tukiondoka tunaliokota, tunalitupa, tunasema tumeondoka. Hapa mlimani, aliyeyaondoa majani ndiye aliyeondoka. Asiyeyaondoa bado yupo." Akameza mate. "Rudini mkayaondoe. Wenyewe, kwa mikono yenu. Kabla hajayaondoa mwingine."

"Mwingine nani?" Sekela aliuliza.

Isdori hakumtazama. "Ni hapo nyuma ya kona tu, bosi."

Andwele alimgeukia mkewe. Sekela aliona anaulizwa, na aliona kabisa ni kitu gani anaulizwa. Kurudi nyuma ni kuchelewa. Mtoto alikuwa na mwanamke mzee asiye na tone la maziwa, na giza lile aliloahidi kulitangulia lilikuwa limeshafika.  Lakini je, kama barabara hii haina mwisho?

"Rudi," alisema.

Waligeuza gari kwa shida, tairi la nyuma likining'inia karibu na korongo. Wakapita kona moja tu. Moja. Na pale palikuwa pale penyewe. Jiwe walilozuilia tairi. Maji ya rejeta yaliyomwagika, udongo bado umelowa. Mti ulioinama, na majeraha yake yakitiririka utomvu mweupe kwenye mwanga wa taa.

Majani hayakuwapo.

Mbele hayakuwapo, nyuma hayakuwapo. Barabara ilikuwa safi kama uwanja uliofagiliwa kwa ajili ya wageni. Lakini vipande vya maua meupe vilikuwa vimedondoka, kimoja hapa, kimoja pale, na vilikwenda vimefuatana, kama mtu aliyebeba tawi begani akitembea. Vilikwenda upande wa mjini.

Andwele alishuka. Alisimama pale ametandaza mikono mitupu, kama mtu aliyeibiwa sokoni.

Walipomfikia tena Isdori, hakuuliza. Alisoma nyuso zao.

"Bosi," alisema, "mshike mkeo mkono."

Andwele akamshika.

"Wa moto?"

"Wa moto."

"Basi kimbieni."

"Panda nyuma na baiskeli yako, tukupeleke."

Isdori alirudi nyuma hatua mbili. "Mimi nitalala porini leo. Asante."

Sasa barabara ilifunguka. Kona zilikwenda zikaisha. Nyasi za wazi zikaja, upepo ukaja, bango la bati likapita na Sekela hakulisoma. Hakukuwa na tawi hata moja njiani. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Njia ilikuwa imeachiwa, kama inavyoachiwa mtu ambaye hana tena cha kuwahi.

Taa za Sumbawanga zilionekana chini, chache, za njano. Andwele hakupunguza mwendo. Kwenye mtaa wao watu walikuwa bado nje, wanapika, redio inaimba. Gari lilikuwa halijasimama vizuri Sekela akaruka.

Redempta alikuwa ameketi barazani na kibatari, mikono mitupu. Alipomwona Sekela uso wake ulikunjamana.

"Mama Ipyana. Umetoka saa ngapi tena?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Si uko naye ndani."

"Mama, mimi ndiyo nafika."

Redempta alimwangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akamwangalia Andwele akija nyuma, akasimama taratibu huku akishika ukuta.

"Umekuja giza limeshaingia," alisema, kama mtu anayejisemea. "Kwa miguu. Nikasema gari limewaharibikia. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Hukunisalimia, ukamchukua, ukaingia. Nikasema kachoka, na maziwa yamemjaa. Nimekusikia unambembeleza. Kwa Kinyakyusa chenu." Akajigusa kichwani mwake. "Ulikuwa na majani kichwani. Nilitaka kukwambia uyatoe."

Sekela alikuwa ameshaingia ndani.

Chumba kilikuwa na giza na kilinukia msitu. Andwele alifika na kibatari. Ipyana alikuwa amelala katikati ya kitanda, amefunikwa vizuri, vidole vimekunjuka, tumbo limeshiba. Kikohozi hakikuwapo. Kando yake godoro lilikuwa limebonyea, na Sekela alipogusa pale palikuwa pa moto. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Alimnyanyua mwanawe, akambana kifuani, akalia bila sauti. Kisha akamtolea ziwa, kwa sababu hiyo ndiyo namna pekee aliyoijua ya kusema nimerudi.

Ipyana alifumbua macho. Alimtazama. Akageuza uso, akasukuma ziwa kwa kiganja kidogo, na kupiga yowe. Lilikuwa yowe la mtoto aliyechukuliwa na mtu asiyemjua.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Mchana kutwa mtoto alilia kwa njaa na hakutaka ziwa. Andwele alinunua maziwa kwa Kabula, mama wa Kisukuma aliyepita na vibuyu vyake asubuhi, wakayachemsha, wakampa kwa kijiko. Aliyatema. Kila jioni alilia mpaka akachoka, wakamlaza, na Sekela akamlinda bila kupepesa macho. Wakati fulani katikati ya usiku usingizi ulimchukua kama mtu anayezimwa. Alipoamka, mtoto alikuwa ameshiba. Kwenye kona ya mdomo kulikuwa na tone jeupe, zito, na chumba kilinukia majani.

Maziwa yake mwenyewe yalimjaa, yakamuuma, yakaanza kukauka.

Walirudi Mbizi. Andwele alivunja matawi pale pale, akayalaza, Sekela akayaokota moja moja, akayatupa korongoni, akasema kwa sauti kwamba wameondoka. Msitu ulimsikiliza. Hakuna kilichobadilika. Mchungaji alikuja akaomba. Redempta alileta mganga wa kwao, akazunguka nyumba, akanusa mlango, akakataa chai na kuondoka bila kueleza.

Kliniki, muuguzi alimpima Ipyana kwenye mzani wa kuning'inia, akaridhika.

"Huyu anakwenda vizuri kabisa, mama. Unanyonyesha vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Sekela alisema asante.

Usiku huo alimsikia Andwele na Redempta wakiongea barazani kwa sauti za chini.

"Mtoto anakua, baba," Redempta alisema. "Angekuwa na mtu mbaya, angekua?"

"Na Sekela je?"

"Mimi sijui, mwanangu. Mimi mzee. Najua tu kwamba mtoto hadanganywi kuhusu mama yake."

Andwele hakumbishia. Sekela alisubiri ambishie. Alisubiri akiwa ameweka sikio kwenye ukuta, mpaka ukuta ukawa wa moto, na mume wake hakusema kitu.

Tangu hapo aliona wanavyomtazama. Hawakumtendea ubaya. Andwele alimpisha njiani kwa adabu, kama mtu anavyompisha mgeni wa jirani. Akimgusa, alimgusa mkono kwanza, haraka, kupima joto, na kila mara alikawia kidogo zaidi kabla ya kuridhika.

Jioni moja Sekela alikuwa jikoni, kile kibanda cha nyuma ya nyumba, anapuliza moto wa ugali. Mbele, barazani, Ipyana alikuwa analia mikononi mwa Redempta. Alikuwa analia tangu asubuhi. Moshi ulimwingia Sekela machoni, akajifuta kwa ncha ya kanga, na hapo ndipo alipomsikia Redempta akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumpokea mwenye nyumba:

"Umerudi, Mama Ipyana? Pole na safari. Ingia, mwanao kalia sana."

Sekela aliacha kupuliza.

Alisikia kigoda cha Andwele kikisogezwa. Alikuwa anapisha mtu apite.

Mtoto akanyamaza.

Harufu ya majani mabichi ilikuja mpaka jikoni, ikaupita moshi. Sekela alitaka kuita jina la mume wake. Alifungua mdomo, na hakikutoka kitu isipokuwa pumzi, nyeupe kama ukungu, ingawa alikuwa amekaa karibu na moto. Akaangalia mikono yake. Akaishika, mmoja kwa mwingine, ili ajue kama ni ya moto.

Kisha mlango wa nyumba ulifungwa kwa ndani, taratibu, kama unavyofungwa kila jioni wote wakishaingia.